Picha ya Kipande, Kabla Ukuta Haujaanguka

Ukitafuta picha za zamani za Beit al-Ajaib utazipata nyingi, na karibu zote zimepigwa kwa namna moja: kutoka mbele, upande wa bahari, jengo zima limesimama na roshani zake na nguzo zake za chuma. Ni picha nzuri, wala hatuzibezi. Zimetundikwa sebuleni kwetu, zimechapwa kwenye kadi za posta, zimesafiri hadi Ulaya na Bara Hindi. Lakini iulize picha kama hiyo swali dogo tu. Ubao wa juu ya mlango ule mkubwa ulichongwa maua ya namna gani? Boriti za dari zilikaa vipi ukutani? Haitakujibu, kwa sababu aliyeipiga alisimama mbali.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya jengo hilo iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Watu wawili walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Siku zile sote tulitumiana picha kwenye simu: kifusi upande mmoja, na upande wa pili jengo lilivyokuwa zamani, zima, kutoka mbele. Ni wachache waliokuwa na picha ya pembe, ya bawaba, ya ua moja lililochongwa.

Basi leo tunataka kuzungumza, dada zetu, juu ya hiyo picha ya kipande. Wengi hudhani ni mtindo wa vijana wa Instagram: nusu ya dirisha, kitasa cha mlango, jani moja lenye umande. Kumbe picha ya kipande ni kongwe kama kamera yenyewe, na historia yake ina wanawake zaidi ya tulivyozoea kuambiwa.

Tuanzie Uingereza, mwezi Agosti 1835, katika nyumba iitwayo Lacock Abbey, mkoa wa Wiltshire. Nyumba hiyo ilianza katika karne ya 13 kama makazi ya watawa wa kike, na aliyeyaanzisha ni mwanamke, Ela, bibi mkubwa wa Salisbury. Miaka 600 baadaye akaishi humo bwana mmoja msomi, William Henry Fox Talbot, aliyekuwa akijaribu kuifanya karatasi ikamate mwanga. Alitengenezewa visanduku vidogo vya mbao vyenye lenzi, akavitawanya huku na huku ndani na nje ya nyumba. Mkewe, Constance, aliviita mitego ya panya, na ukiviona utamwelewa.

Picha iliyobaki kutokana na majaribio yale haionyeshi nyumba nzima. Ni dirisha moja, lenye vioo vidogo vidogo vilivyopangwa kama wavu, na ukubwa wake unakaribia stempu ya barua. Ndiyo negativu ya kamera ya zamani zaidi tuliyonayo hadi leo. Pembeni Talbot aliandika kwamba ilipokuwa mpya, ukichukua kioo cha kukuzia ungeweza kuhesabu vile vipande vya kioo, vipatavyo 200. Hilo ndilo lililomfurahisha. Uzuri wa dirisha hakuutaja, alitaja kwamba vinahesabika.

Miaka minane baadaye mwanamke alifanya kazi ambayo sisi watu wa visiwani tungepaswa kuijua mapema, maana ilihusu mwani.

Anna Atkins alizaliwa 1799 huko Kent. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na baba, John George Children, aliyekuwa mwanasayansi na ambaye, kinyume na desturi za wakati ule, alimfundisha bintiye kila alichokijua. Akiwa kijana alimchorea baba yake picha zaidi ya 200 za kombe na konokono wa baharini kwa ajili ya kitabu alichokuwa akikitafsiri. Kwa hiyo jicho lake lilikwisha kuzoea vitu vidogo: mkunjo wa kombe, ukingo wake, mstari wa rangi unaopotea ukigeuza mkono.

Mwaka 1841 kilitoka kitabu cha mwani wa Uingereza ambacho kilieleza kila aina kwa maneno, bila picha. Jaribu kumweleza mtu mwani kwa maneno matupu. Utasema una matawi, una vidole, ni laini, ni mwembamba, na mwisho wake msikilizaji ataishia kufikiria mchicha. Mwaka uliofuata, 1842, rafiki wa familia yao, Sir John Herschel, aligundua njia ya kutengeneza picha za buluu. Unapaka karatasi dawa za chumvi za chuma, unaikausha gizani, unaweka kitu juu yake, unaitoa juani, kisha unaiosha kwa maji. Palipofunikwa panabaki peupe, palipopigwa na jua panageuka buluu kali kama bahari ya nje ya mwamba.

Atkins akachukua mwani mmoja mmoja, akaulaza juu ya karatasi, akaubana kwa kioo, akaupeleka juani. Hakutumia kamera. Kitu chenyewe kilijipiga picha kwa ukubwa wake halisi, hata yale matawi membamba kama unywele. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake aliitoa Oktoba 1843, na aliendelea hadi 1853, karibu karatasi 400 kwa jumla, na kila nakala ya kitabu ilibidi itengenezwe upya karatasi kwa karatasi. Wanahistoria wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani kilichopambwa kwa picha za mwanga, kabla hata ya kile cha Talbot kilichotoka 1844.

Majina ya mwani aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na maandishi nayo yakapigwa na jua pamoja na mwani. Jina lake kamili hakuliandika. Aliweka herufi mbili tu, A.A., na baadaye mkusanyaji mmoja wa vitabu akadhani zina maana ya mtu asiyejulikana anayefanya kazi kwa kujifurahisha. Hapa tuseme ukweli, tulicheka kwanza, halafu tukanuna.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu zile karatasi za buluu. Baadaye wahandisi waliichukua njia hiyo hiyo kunakilia michoro ya majengo, na ndiyo asili ya ramani za buluu ambazo mafundi walitembea nazo kwa miaka mingi. Mwani wa bibi mmoja na ramani ya ghorofa, karatasi moja.

Tuvuke sasa hadi Paris, ambako hadithi inatukaribia zaidi sisi wakaazi wa mji mkongwe. Eugène Atget, aliyezaliwa 1857, alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani ambaye hakufanikiwa. Akiwa mtu mzima akanunua kamera kubwa ya mbao na vioo vya sentimita 18 kwa 24, akaanza kuzunguka mjini alfajiri kabla watu hawajajaa. Paris ya wakati ule ilikuwa imekatwakatwa kupisha barabara pana, na mitaa ya zamani ilikuwa ikiendelea kubomolewa. Atget alipiga ua wa nyumba, ngazi, chuma cha kushikia ngazi, kigongeo cha mlango, nembo ya duka. Mlangoni kwake aliweka kibao kilichosema kwamba anauza nyaraka kwa ajili ya wasanii. Neno ni hilo, nyaraka. Wateja wake walikuwa wachoraji, wahunzi, maseremala na makumbusho, na hata jumba la makumbusho la Victoria and Albert kule London lilinunua kwake. Seremala alitaka kuona mkunjo mmoja wa chuma ulivyokwenda, na picha ya jumba zima isingemfaa.

Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa vioo zaidi ya 2,600. Alipofariki 1927, vilivyobaki vingeweza kuishia jalalani. Aliyeviokoa ni msichana wa Kimarekani, Berenice Abbott, mpiga picha aliyekuwa akifanya kazi Paris. Alimfahamu mzee huyo, alimpiga picha karibu na mwisho wa uhai wake, na mwaka 1928 alinunua vioo zaidi ya 1,000 pamoja na maelfu ya picha zilizochapwa. Alivihangaikia kwa miaka 40, hadi 1968 vilipohifadhiwa katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Miaka 40 ya kubeba masanduku ya vioo vya mtu mwingine! Kuna wanaume wana mitaa kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Katika miaka hiyohiyo mwalimu mmoja wa skuli ya sanaa ya Berlin, Karl Blossfeldt, alijitengenezea kamera na kupiga vichipukizi, mbegu na majani, akivikuza hata mara 30, ili wanafunzi wake wajifunze mapambo kutoka kwenye mimea. Kitabu chake kilitoka 1928 na kikapata sifa kubwa. Ukitazama jani lake changa la jimbi lililojikunja unaweza kuapa kwamba ni chuma cha dirishani. Picha zake ni nzuri mno, ila sisi tunampenda Atkins zaidi. Blossfeldt alitaka mmea ufanane na kitu kingine, Atkins alitaka mwani ubaki mwani.

Haya, turudi Unguja. Ukifika Kizimkazi Dimbani utaona msikiti ambao kwa nje hauna makuu, na mpita njia asiyejua anaweza kuupita. Sehemu kubwa ya jengo unaloliona ni ya karne ya 18. Lakini ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kipande kimelizidi umri jengo linalokibeba kwa miaka 600. Mwaka 1922 mtaalamu wa maandishi hayo, Samuel Flury, aliyachapisha na kuyaeleza katika jarida la wasomi la London, na tangu hapo kila anayeandika historia ya Uislamu katika pwani yetu lazima apite Kizimkazi. Angetokea mtu akapiga picha ya msikiti kwa nje peke yake, ungeonekana ni msikiti mmoja kati ya mingi.

Milango yetu nayo iko hivyo hivyo. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na watalii hawachoki kuipiga picha milango, mara nyingi na mtu amesimama mbele yake akitabasamu. Mlango huo una habari katika sehemu zake. Ubao wa juu ukiwa umenyooka, umbo lote likiwa la pembe nne, kwa kawaida ni mtindo wa zamani unaohusishwa na Waarabu wa Oman. Juu kukiwa na upinde wa nusu duara, hapo unaona mkono wa Kihindi, mtindo ulioenea mwishoni mwa karne ya 19. Kuna miimo ya pembeni yenye mnyororo uliochongwa toka juu hadi chini, kuna mfaa unaofunika pale mbao mbili zinapokutana, kuna misumari ya shaba, na chini kabisa ya mwimo mara nyingi kuna samaki au mistari kama mawimbi. Watembeza wageni wana maana ya kila kitu, samaki ni uzazi, mnyororo ni usalama, na kila mmoja ana yake. Sisi hatugombani nao. Tunasema tu kwamba chini ya mwimo ndipo maji ya mvua na mchwa huanzia, kwa hiyo samaki ndiye anayekwenda mwanzo. Anabaki mnyororo unaoning'inia hewani, na mjukuu atauliza ulikuwa ukitokea wapi.

Milango mingine haikuliwa na mchwa. Iling'olewa ikauzwa, ikawa pambo la hoteli au meza ya kioo sebuleni kwa mtu wa mbali. Hapo ndipo kipande kinapogeuka msiba, maana kimekatwa na nyumba yake na hakuna aliyeandika kilitoka mtaa gani. Picha inaweza kufanya kosa hilo hilo. Ua moja la mlangoni, limekuzwa, linang'aa, halina jina la nyumba wala mwaka: ni zuri kwenye simu, na baada ya miaka 20 halimsaidii seremala wala mwanahistoria. Tunaona picha nyingi za namna hiyo siku hizi, na tunazipenda kwa dakika moja.

Mji huu umekuwa na wapiga picha hodari tangu karne ya 19. Studio ya akina Gomes ilifanya kazi hapa enzi za masultani, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa 1930. Bila wao tusingekuwa na sura za mabibi zetu wala maandamano ya sikukuu. Lakini mteja alilipia sura yake, na mnunuzi wa kadi alilipia jumba la mfalme. Nani angelipia picha ya daka la ukutani, au ya jiwe la kusagia lililochakaa upande mmoja kwa sababu bibi alikuwa akitumia mkono wa kushoto?

Hapa ndipo tunapoona kazi yetu, sisi wanawake. Ndani ya nyumba ndimo tunamoishi, na ndani ya nyumba ndimo kamera ya mgeni isimofika, wala hatutaki ifike. Wengi wetu hatupendi sura zetu zizagae, na wengine hawaoni sawa kupiga picha za watu kabisa. Tunawaheshimu. Picha ya kipande haimgusi mtu. Mbuzi ya kukunia nazi, pembe ya kitanda cha samadari, ukili uliosukwa nusu na bado una mkia wa milala ya rangi: vyote hivyo vinaweza kupigwa bila uso hata mmoja kuonekana, na habari za wenye nyumba zikabaki.

Chukua khanga. Picha ya mwanamke aliyejitanda khanga, kwa umbali wa hatua tano, itakuonyesha rangi na labda nusu ya jina. Sogea karibu. Piga pindo, piga mji, piga jina lote, halafu piga yale maandishi madogo ya kiwandani. Khanga za duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilijulikana kwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Kwa alama ndogo kama hiyo unajua khanga ya bibi ilitoka duka gani na mji gani, jambo ambalo hata yeye mwenyewe huenda alikwisha kulisahau.

Na mwani wetu pia. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza mashariki ya Unguja 1989, Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wakulima wengi wakawa wanawake. Bahari ikipata joto kupita kiasi, ncha za mwani hugeuka nyeupe, zikalainika na kukatika, na cottonii ndio unaoteseka zaidi kuliko spinosum. Picha ya shamba zima lenye kamba zake wakati wa maji kupwa inapendeza, lakini haionyeshi ncha. Mkulima anayepiga tawi moja la mwani kila bamvua, likiwa juu ya kitambaa cheupe, na tarehe pembeni, anaweka kumbukumbu ambayo Anna Atkins angeitambua mara moja.

Kwa wale wanaotaka kuanza, simu inatosha. Piga kwanza picha moja ya kitu kizima ili kipande kisiwe yatima, halafu sogea. Simama sawasawa mbele yake, usipige mshazari. Kwa nakshi, ngoja jua la asubuhi au la alasiri linalopita ubavuni, kwa sababu jua la mchana hulifanya ua lionekane bapa. Weka rula au hata sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Zima vile vichungi vya kurembesha, mlango hauhitaji wanja. Kisha andika kwenye karatasi mtaa, nyumba ni ya ukoo gani kama wenyewe wanaridhia, na tarehe, uipige karatasi hiyo pamoja na kitu chenyewe. Ikiwa nyumba si yako, bisha hodi na uombe.

Na ukisikia kwamba jirani anakarabati, nenda mapema. Mafundi wakishabandua plasta, kuna siku mbili tatu tu ambapo ukuta uko uchi: matumbawe yanaonekana yalivyopangwa, chokaa ya zamani inaonekana tabaka kwa tabaka, na vichwa vya boriti za mikoko vinaonekana vilivyolala ndani ya ukuta, pengine na alama za shoka la aliyezikata. Baada ya hapo inakuja saruji. Chukua birika la chai na maandazi, maana utawaomba wasimamishe kazi robo saa.